Kipenzi cha kale akirudi: ni rejea au ni nikaha mpya?

Msomaji aliyelelewa katika mitaa ya Mji wa Kale hana haja ya kuelezwa barza ni nini. Ni kile kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, kilicholainishwa na vikao vya vizazi na vizazi, ambapo mambo ya dunia huamuliwa baina ya Magharibi na Isha, na tena baada ya Isha mpaka dele la kahawa liishe. Barza yetu iko Kibokoni. Hapo nimesikia serikali zikipinduliwa na kurudishwa, mwezi ukiandama na kutoandama, na mahari ya binti wa watu yakikadiriwa na wasiokuwa na mwana wa kuoa. Lakini katika miaka yote niliyokaa hapo sijapata kusikia mabishano makali kama yale ya Ijumaa, tarehe 27 Agosti 2021, na sababu yake ilikuwa ni mtu mmoja asiyeijua Kibokoni wala Kibokoni hakuwahi kuikanyaga.

Nayarejea mabishano hayo kwa kuwa kila usajili wa wachezaji unapofunguliwa swali ni lilelile, ila majina ndiyo hubadilika. Mchezaji tuliyempenda alipokuwa kijana sasa umri umemwendea, na kilabu chetu chasemekana kinamtaka tena. Je, achukuliwe au aachwe alipo?

Siku zile kulikuwa na kafyu ya Korona, na ifikapo saa nne za usiku kila mtu alitakiwa awe ndani ya nyumba yake. Pengine ndiyo maana sauti zilipanda mapema, maana muda wa kubishana ulikuwa mchache. Jana yake, Alhamisi, uvumi ulikuwa umeenea kwamba Cristiano Ronaldo aihama Juventus ya Italia na kwenda Manchester City. Mashabiki wa Manchester United, ambao kwetu ni wengi kuliko nafasi za kukaa, walilala na nyuso za matanga. Ijumaa jioni mambo yakapinduka. United wakatangaza kwamba wameafikiana na Juventus, na yule aliyewaacha mwaka 2009 yuarudi nyumbani. Kijana mmoja wa bodaboda alipita akipiga honi kama anayemsindikiza bwana harusi.

"Ana miaka mingapi sasa?" akauliza mzee mmoja, ambaye mapenzi yake ya kandanda yalianza na Feisal, timu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na kwa maoni yake hayakupata mahali pazuri pa kuendelea tangu hapo.

"Thalathini na sita, ami."

"Thalathini na sita! Basi mwanunua mchezaji au mwanunua picha?"

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Vijana walikuwa na hesabu zao, na hazikuwa hesabu za kubeza. Ronaldo alizaliwa tarehe 5 Februari 1985, hilo hakuna alilolikana. Lakini katika msimu uliokuwa umemalizika, 2020-21, alikuwa ndiye mfungaji bora wa ligi ya Italia kwa mabao 29. Kiangazi hichohicho alifunga mabao 5 katika mashindano ya mataifa ya Ulaya na kuwa mfungaji bora huko pia. Mzee gani huyo? Alipokuwa United mara ya kwanza, baina ya 2003 na 2009, alicheza mechi 292 akafunga mabao 118, akachukua ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2008. Aliuzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80, bei ambayo haikuwa imepata kulipwa kwa mchezaji yeyote duniani. Sasa yuaja kwa Euro milioni 15, na nyingine 8 ikiwa masharti fulani yatatimia. Kijana wa bodaboda alisema hiyo si bei, ni zawadi.

Kinyozi wetu, ambaye ni wa United damu, alisimama upande wa pili, na hilo liliwashangaza wengi. Hoja yake haikuwa umri. Alisema kilabu tayari kina washambulizi: kina Cavani, Rashford na Greenwood, na Jadon Sancho ndiyo kwanza amenunuliwa kwa mamilioni yasiyosemeka. Tatizo lao ni katikati ya uwanja. Hawana kiungo wa kukaba, na kila mwenye macho yuaona. "Paa la jikoni lavuja," akasema, "nanyi mwenda kununua kioo cha sebuleni."

Siku chache baadaye Daniel James, winga mwepesi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia bila ya mpira ili kuwasumbua walinzi, akauzwa Leeds. Kinyozi alinikumbusha habari hiyo miezi mingi baadaye, wembe ukiwa shingoni mwangu, nami sikuona busara kumbishia.

Aliyenena maneno ambayo sijayasahau ni Maalim. Yeye hupenda mpira kwa siri, na husema kwamba huutazama tu kwa ajili ya kuwachunga vijana wasizidishe matusi. Alisikiliza mpaka kikombe chake kikapoa, kisha akauliza: "Hebu niambieni, huyu yuarudi kwa rejea au kwa nikaha mpya?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mume aliyetoa talaka ya rejea, mkewe akiwa bado yumo edani, anaweza kumrejea bila ya nikaha nyingine wala mahari mengine, kwa sababu kile kilichokuwa baina yao bado hakijakatika. Lakini eda ikisha, mambo ni mengine. Hata kama ni mke uleule uliyezaa naye, itakubidi upose upya, uoe upya, na kila mmoja ana haki ya kuuliza masharti. "Hawa waliachana mwaka 2009," akasema. "Hii ni miaka kumi na miwili. Eda gani hiyo? Mwamwita mke wenu, lakini ni mwanamke mwingine na mume mwingine. Basi mmeulizana masharti?"

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lililobeba jambo zima, na huko Manchester, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, sioni dalili kwamba kuna mtu aliyekaa kitako akaliuliza. Masharti ya pesa yaliandikwa, hilo ni kweli. Sir Alex Ferguson, aliyestaafu tangu 2013, alizungumza naye, na Ronaldo mwenyewe alieleza baadaye kwamba maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyomgeuza asiende City. Cavani akavua jezi nambari 7 ili mwenye nayo wa zamani aivae. Hisa za kilabu, ambazo tangu 2012 huuzwa katika soko la New York, zikapanda. Kila kilichohusu kumbukumbu na biashara kilipangwa vizuri sana. Atachezaje, na nani atakayekimbia kwa niaba yake, na siku atakapowekwa benchi ataambiwaje? Hayo yaliachiwa mapenzi yayatatue.

Na mapenzi mwanzoni huonekana yaweza kila kitu. Jumamosi ya tarehe 11 Septemba alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Newcastle. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja za jioni, watu wametoka Alasiri moja kwa moja mpaka kwenye televisheni. Alifunga bao la kwanza karibu na mapumziko. La pili alilifunga wakati adhana ya Magharibi inakaribia, na namwomba Mola awasamehe wale waliochelewa kutia udhu. United walishinda 4-1. Kijana wa bodaboda alinunua kahawa ya barza nzima.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini yafaa yasemwe kwa haki, kwa kuwa kila upande huchukua nusu ya hesabu na kuificha nusu iliyobaki. Mwenye kusema Ronaldo alikuwa amekwisha hasemi kweli. Msimu ule wa 2021-22 alifunga mabao 24 katika mashindano yote, 18 kati yake katika ligi, akawa wa tatu nyuma ya Mohamed Salah na Son waliofunga 23 kila mmoja. Katika makundi ya Kombe la Mabingwa alifunga 6, na mengine yalikuja dakika za mwisho watu wameshakata tamaa. Mwezi wa Ramadhani, tarehe 16 Aprili 2022, aliwafunga Norwich mabao matatu peke yake. Lile la tatu, mkwaju wa adhabu, lilipoingia tulikuwa tumeshafungua kwa tende na kahawa, na sambusa moja ilidondoka mkononi mwa mtu ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mimi.

Lakini mwenye kusema kurudi kwake kulifanikiwa, naye pia hasemi kweli. Msimu wa kabla yake, bila ya Ronaldo, United walimaliza wa pili kwa pointi 74 na mabao 73. Naye akiwemo walimaliza wa sita kwa pointi 58, wamefunga 57 na kufungwa 57. Yaani mtu mmoja alifunga sana na timu nzima ikafunga kidogo kuliko mwanzo. Tarehe 24 Oktoba 2021 Liverpool waliwachapa 5-0 nyumbani kwao Old Trafford, Salah akitia matatu, na usiku ule barza yetu iligawanyika baina ya waliolia kwa ajili ya United na waliofurahi kwa ajili ya ndugu yao wa Misri. Kuna waliofanya yote mawili. Mwezi uliofuata kocha Solskjær akafukuzwa.

Je, lawama ni ya Ronaldo? Sidhani. Mpira wa siku hizi wataka washambulizi wawe walinzi wa kwanza, wawafukuze wapinzani tangu langoni mwao. Mtu wa miaka 36 akilifanya hilo dakika tisini hatabaki na pumzi ya kufunga, naye kufunga ndiyo kazi aliyoitiwa. Basi wenzake tisa walipaswa kupangwa upya ili kuziba pengo lake, na kilabu hakikuwa na watu wa kuziba. Kinyozi alikuwa na haki.

Haina maana kwamba kipenzi cha kale kamwe asirudishwe. Mwaka 2012 Arsenal walimrudisha Thierry Henry akiwa na miaka 34. Sanamu lake lilikuwa limeshasimamishwa nje ya uwanja mwezi mmoja kabla, na nadhani si wengi waliopata kucheza mpira wakipita mbele ya sanamu lao wenyewe. Lakini masharti yalikuwa wazi kama mchana. Gervinho wa Ivory Coast na Chamakh wa Morocco walikuwa wakienda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na Henry aliazimwa kutoka New York ili azibe nafasi kwa wiki chache. Tarehe 9 Januari aliingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Leeds, na muda si muda akafunga bao pekee la mechi. Mwezi uliofuata akawafunga Sunderland bao la ushindi dakika za nyongeza. Mechi saba, mabao mawili, akapanda ndege akaenda zake. Mgeni alijua siku zake, na mwenye nyumba hakulazimika kumtafutia jembe.

Didier Drogba naye alirudi Chelsea mwaka 2014 akiwa na miaka 36, baada ya kuondoka 2012 na ile penalti ya Munich iliyowapa ubingwa wa Ulaya. Safari hii mshambulizi mkuu alikuwa Diego Costa, na Drogba alikuja akijua kwamba atamkalia nyuma. Alifunga mabao 4 tu katika ligi. Lakini Chelsea walichukua ligi na Kombe la Ligi, na siku ya mwisho wenzake walimtoa uwanjani wamembeba mabegani. Mabao manne na kubebwa; mwingine mabao kumi na nane na kutolewa kwa mlango wa nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo lanihusu, maana bila ya hilo nitakuwa nimewahukumu watu wa mbali huku nikijificha.

Katika barza ile ya Agosti alikuwapo mtu mmoja ambaye hakubishana. Zamani alikuwa mshambulizi wa timu ya mtaa wetu, na wenye umri wangu wakumbuka jinsi alivyokuwa akigeuka na mpira kama mtu anayegeuza kanzu. Kisha akaenda Muscat kuendesha lori, kama vijana wengi wa pwani walivyokwenda Ghuba kutafuta riziki. Alikaa miaka minane. Aliporudi, mwaka 1996, ilikuwa siku chache kabla ya mashindano ya Idi, naye akataka kucheza. Kamati ilikutana, nami nilikuwa karani. Wawili walisema mwili wake umekuwa mzito. Wawili walisema ni aibu kumkatalia mwenzetu. Na kulikuwa na jambo la tano lililokaa katikati yetu bila ya kutajwa: alikuwa ametuletea jezi mpya, seti nzima, kutoka Muscat. Nikaandika jina lake kwenye nambari 9.

Siku ya Idi uwanja wa Serani ulijaa. Alicheza nusu ya kwanza. Alijua kila mahali pa kusimama, ila alifika hapo sekunde mbili baada ya mpira. Watoto juu ya ukuta wakaanza, "Babu, nenda kale biriani!" na watu wazima waliopaswa kuwanyamazisha wakacheka nao. Wakati wa mapumziko tuliamua atoke, na katika watu watano wa kamati hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia. Nikalifuta jina lake kwenye karatasi, nikaandika la kijana mwingine, nikampa refa. Yeye alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Alipoinua kichwa kipenga kilikuwa kimeshapigwa, na kijana yumo uwanjani. Hakusema neno. Hakurudi Serani tena mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Ndiyo maana tarehe 19 Oktoba 2022, United wakicheza na Tottenham na Ronaldo akatoka benchi akashika njia ya chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi kwisha, mimi sikuweza kusema kwa wepesi kama walivyosema wengine. Kocha mpya, Erik ten Hag, alieleza kwamba alikataa kuingia uwanjani. Ni kosa, na sitaki kulipamba. Wenzako wakiwa uwanjani huwaachi, huo si uungwana. Lakini niliuona ule mwendo wa mtu anayeondoka, na nilikuwa nimepata kuuona zamani. Mwezi uliofuata akatoa mahojiano makali ya kumshutumu kocha na kilabu, na tarehe 22 Novemba wakaachana. Siku hiyohiyo, huko Qatar, Saudi Arabia iliifunga Argentina 2-1, na barza yetu ilikuwa imejaa takbiri na vifijo hata habari ya Ronaldo ilipofika usiku ikapita kama taarifa ya hali ya hewa. Mabao 145 kwa jumla ya vipindi viwili, na hakuna aliyeinua kichwa.

Tarehe 30 Desemba, nayo ilikuwa Ijumaa, ikatangazwa kwamba Ronaldo amejiunga na Al-Nassr ya Riyadh. Hapo vijana wakaamka tena: wengine wakisema amekwenda kustaafu, wengine wakisema amefuata pesa, na Maalim akisema angalau sasa atasikia adhana. (Wale wa kustaafu wamebaki wakihesabu vidole, kwani mwezi Juni 2025 aliongeza mkataba mwingine wa miaka miwili.) Yule mwenzetu wa Muscat, ambaye usiku wa Agosti 2021 hakufungua kinywa, safari hii alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Na yeye amekwenda Ghuba!" akasema. "Basi tumekuwa sawa. Tofauti yetu ni mshahara tu."

Watu walipoanza kuondoka nikabaki naye. Nikamwambia kwamba siku ile ya Serani aliyelifuta jina lake ni mimi, na kwamba nilipaswa kumwendea nikamwambia mdomo kwa mdomo kabla ya kumpa refa karatasi. Akaniambia kwamba alijua tangu siku ileile. Refa alimwonyesha karatasi, na mwandiko wangu yuaujua tangu chuoni. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: zile jezi alizotuletea ziliishia wapi? Nilimjibu kwamba tulizivaa mpaka nambari zikabanduka, na ile nambari 9 ilikaa kwa mama yangu miaka mingi, akifungia kapu la mikate ya mofa. Akasema hilo ndilo alilotaka kulijua.